Msomaji Aliyepewa Nikolao

Nikolao alizaliwa anaona. Watu wa kijiji chao, kule ukingoni mwa uwanda wa Newala, walikuja kulisahau hilo wakadhani alishuka duniani vilevile walivyomzoea. Aliona mpaka umri wa kukimbiza mbuzi. Dada yake Regina anakumbuka alivyokuwa akimwonyesha kwa kidole ukungu wa asubuhi kule bondeni walikokuwa wakiteremka kuteka maji. Kisha surua ikapita. Katika nyumba nyingine ilichukua mtoto mzima. Kwao ilichukua macho. Mama yao alipiga magoti kanisani akashukuru kwamba uhai umebaki, na Regina akapiga magoti pembeni yake, akashukuru kwa sababu mama ameshukuru.

Mapadre walimtafutia Nikolao nafasi katika shule ya bweni ya watoto wasioona. Huko alijifunza nukta nundu, maandishi yale ya vitone yanayosomwa kwa ncha za vidole. Likizo ya kwanza alirudi na kitabu kinene kama mto wa kulalia. Baada ya chakula taa ilizimwa ili mafuta yasiishe, na yeye akaendelea kusoma gizani, familia nzima imekaa kimya inamsikiliza. Mjomba wao Abuu, ambaye ndiye mwenye kauli juu ya watoto wa dada yake kama ilivyo desturi ya uwandani, alicheka mpaka akakohoa.

"Mpwa huyu ndiye wa faida," alisema. "Wengine wote wananimalizia mafuta ya taa."

Hivyo ndivyo Nikolao alivyokua, akichekwa kwa upendo na akisoma. Alimaliza sekondari. Alipochaguliwa kwenda chuo cha ualimu Masasi, Mjomba Abuu, ambaye ni Mwislamu na hakuwahi kuingia kanisani, alisimama nje ya mlango wa kanisa siku ya misa ya shukrani mpaka ikaisha.

Ilikuwa miaka ile ambapo wanunuzi binafsi wa korosho walianza kupanda uwandani na malori yao. Kila kitu kilikuwa kinafunguliwa. Biashara zilifunguliwa, maduka yalifunguliwa, marobota ya mitumba yalifunguliwa sokoni Masasi chini ya miamba inayouzunguka mji, watu wakigombania makoti ya baridi wasiyoyahitaji. Chuoni kwa Nikolao, vitu vilikuwa vinafungwa. Wanafunzi wasioona waliomtangulia walikuwa na msomaji aliyelipwa na serikali, walikuwa na karatasi nzito za kupigia nukta, na mtihani wao ulikuja umeandikwa kwa nukta nundu, wakaongezewa na muda wa kuufanya. Nikolao alikuta chumba cha msomaji kimekuwa stoo ya majembe. Mashine ya kuandikia ilikuwepo, ila vitufe vyake viwili vilikuwa vimekufa. Fundi baiskeli wa stendi alikubali kuijaribu. Kimoja alikiweza, cha pili kikamshinda.

Mkuu wa Chuo alikuwa mgeni aliyehamishiwa kutoka mikoa ya mbali. Alikuwa mtu nadhifu, mwenye sauti laini, hakuwahi kumfokea mtu.

"Sikukatazi kusoma, Nikolao," alimwambia. "Ila zile zama za serikali kubeba kila mtu zimekwisha. Sasa ni kuchangia. Wenzako wanachangia magodoro, wewe changia mashine yako."

"Mwalimu, mwenzangu akikosa godoro atalala chini. Mimi nikikosa mashine siandiki."

"Ndiyo maana nakuambia uchangie."

Basi Regina akateremka kutoka Newala. Alikuwa amemaliza kidato cha nne na hakuwa na kazi. Alifikia kwa mama mdogo, asubuhi akakaanga maandazi ya kuuza stendi, mchana akaenda chuoni kumsomea mdogo wake vitabu. Nikolao alitoboa anayoyasikia kwa kibao na msumari wake wa kuandikia, kwenye karatasi ngumu za kalenda za zamani walizokuwa wakiomba maofisini na misheni. Nyuma ya kila somo la saikolojia ya mtoto kulikuwa na picha ya trekta au ya maporomoko ya maji ya nchi isiyojulikana. Kulwa, kijana wa Kisukuma aliyelala kitanda cha jirani, alikuwa akipita na kusema, "Niko, leo unasomea Desemba ya mwaka gani?" na Nikolao akijibu, "Wewe ambaye una macho niambie, mimi naona Desemba zote sawa."

Hapo katikati Nikolao akapata mchumba. Agatha alikuwa akiimba sauti ya kwanza kwenye kwaya ya parokia, na mama yake, Mwalimu Veridiana, alifundisha shule ya msingi iliyokuwa jirani na chuo, ile ambako wanachuo huenda kufanyia mazoezi ya kufundisha. Mwalimu Veridiana alikuwa Mmakonde wa Newala, mtu wa kwao kabisa. Mjomba Abuu alipeleka posa, ikapokelewa, ikakubaliwa kwamba ndoa itafungwa Nikolao akishapata cheti.

Tangu siku ile ya posa, haya ya ukwe ikaanza. Kwa watu wa uwandani, mwanamume hamsemeshi mama wa mchumba wake. Hawakai uso kwa uso, hawali pamoja, hawaitani jina. Neno likilazimu, hupitishwa kwa mtu wa tatu. Asipokuwepo mtu, mmoja husema na kuku au na ukuta, na mwenzake akasikia kama kwa bahati. Si uadui. Ni heshima, na ukubwa wa heshima ndio huo ugumu wake. Haya hiyo hukaa mpaka mjomba atakapopeleka kuku na doti ya kanga, mkwe na mkwe wakala sahani moja mbele ya watu. Kwa kawaida hilo hungoja mtoto wa kwanza.

Mwalimu Veridiana aliishika desturi bila kupunguza, ingawa mkwe wake hakumwona. Akisikia fimbo ya Nikolao inagonga njiani, aliingia kwenye mihogo akasimama mpaka apite.

"Mkwe yupo hapa," Nikolao alikuwa akimnong'oneza Regina.

"Umejuaje?"

"Kuna mtu alikuwa anatembea, ameacha."

Kulwa aliposikia habari hizo alicheka mpaka akakaa chini. "Kipofu anamwonea haya mkwe asiyemwona! Wenzio wanageuza shingo mpaka inauma, wewe umepewa haya ya bure."

"Mimi simwoni," Nikolao alimjibu. "Yeye ananiona."

Ulipokaribia mtihani wa mwisho ikasemwa kwamba karatasi ya nukta nundu haitakuja. Mwaka ule ingekuja ya wino tu. Regina alimshika Nikolao mkono wakaenda kwa Mkuu, na Nikolao akaomba mambo matatu: msomaji wa kumsomea maswali na kumwandikia majibu, muda wa ziada kama waliopewa waliomtangulia, na kumjua msomaji huyo mapema.

"Msomaji nitakupangia," Mkuu alisema. "Muda utapata. Umeona? Hatukukutupa."

"Nashukuru, Mwalimu. Naomba nimjue ni nani, nikae naye hata mara moja. Kuandikiwa na mtu kunataka mazoea."

"Mazoea ndiyo tunayoyakataa. Huu ni mtihani, si kwaya."

Regina alikohoa. Alitaka kusema kwamba watu wa huku hawakai na kila mtu, kwamba kabla ya kumweka mtu na mtu unauliza kwanza ni nani kwa nani. Lakini alikuwa muuza maandazi mbele ya meza kubwa, na Mkuu alikuwa tayari ameshasimama kuwafungulia mlango kwa adabu.

Siku ya mtihani alimpeleka ndugu yake kwenye kile chumba cha majembe, kilichofagiliwa kwa ajili yake, ikawekwa meza na viti viwili. Msimamizi wa mtihani, mtu aliyeletwa kutoka nje ya wilaya, alikuwa ameshakaa kwenye kona. Regina akaruhusiwa kubaki barazani, chini ya dirisha la matofali ya matundu, kwa sababu ndiye wa kumwongoza Nikolao akitaka kwenda uani. Alikaa, akatoa rozari.

Aliponyanyua uso alimwona Mwalimu Veridiana anakuja, kanga begani, kalamu mkononi. Regina aliinuka akamfuata kabla hajafika mlangoni.

"Shikamoo, Mama Agatha."

"Marahaba. Sema polepole, mwanangu."

"Mama, ni wewe?"

"Nimeitwa jana jioni. Nimemwambia Mkuu mpe mwingine, wapo walimu. Anasema wengine wote wamepangwa madarasani, ama mimi ama kijana akae na karatasi asiyoiona. Ningefanyaje?" Alitazama mlango. "Nikawaza, haoni. Nikibadili sauti kidogo, haya haitamshika. Atadhani ni mwalimu yeyote."

"Mama, huyu anakujua kwa nyayo."

Mwalimu Veridiana alijitanda kanga kichwani kama mtu anayekwenda msibani, akaingia.

Regina akarudi chini ya dirisha. Alisikia karatasi ikifunguliwa. Alisikia sauti nzito ya kubuni ikisoma swali la kwanza, ikikwama katikati, ikianza tena. Kisha kimya. Kimya kikakaa mpaka msimamizi akauliza kama mtahiniwa anaumwa. Kisha kiti kikakwaruza sakafu, na Regina alipochungulia kwenye tundu alimwona Nikolao amegeuza kiti chake, ameupa mgongo mlango na meza, uso wake uko ukutani karibu kuugusa. Jasho lilikuwa linamtiririka nyuma ya masikio.

"Ukuta," Nikolao alisema kwa sauti ndogo. "Anayeandika aandike hivi. Mtoto hajifunzi kwa kupigwa, hujifunza kwa kuona jambo lina maana kwake."

Kalamu ikaanza kukwaruza. Mwalimu Veridiana naye alikuwa amegeuka, migongo yao ikielekeana, meza ameivuta mbele yake.

"Huo ukuta umemaliza?" aliuliza, akiwauliza majembe.

"Ukuta bado. Aongeze na mfano."

Wakaenda hivyo. Mwanzoni neno moja moja, kama watu wanaovuka mto kwa kupapasa mawe. Halafu sauti ya Nikolao ikanyooka. Ile sauti ya kubuni ya Mwalimu Veridiana nayo ikaisha, ikabaki yake halisi, ya kufundishia, ikisoma swali la pili, la tatu. Regina aliacha kusali. Aliegemeza kichwa ukutani akawasikiliza, na kwa mara ya kwanza tangu ateremke Masasi alimwona mdogo wake mbele ya darasa, mbele ya watoto, kwao Newala. Walikuwa wamepata njia. Hakuna aliyewasaidia, waliitoa kwenye heshima yao wenyewe.

"Samahani," msimamizi alisema. "Mnaongea na nani?"

Kalamu ikasimama.

"Nauliza kwa sababu nasikia ukuta, ukuta. Hii ni lugha ya namna gani? Mbona hamtazamani?"

Mwalimu Veridiana angeweza kusema neno lolote. Angeweza kusema shingo inamuuma. Lakini alikuwa amefundisha watoto miaka yote kwamba uongo ni dhambi, na tena aliona anachoulizwa ni jambo la heshima, halina cha kufichwa.

"Ni mkwe wangu, bwana," alisema. "Amemposa binti yangu. Kwa desturi yetu hatusemezani, ndiyo maana tunapitishia ukutani."

"Mkweo." Msimamizi alisimama. "Yaani ni ndugu."

Mkuu wa Chuo aliitwa. Karatasi ilichukuliwa ikiwa bado na majibu yasiyokauka wino. Nikolao hakugeuza kiti. Ilibidi Regina aingie amshike bega, amwambie kwamba watu wameondoka, ndipo akauliza, "Na Mama ameondoka?" na alipoambiwa ndiyo, akashusha pumzi kama mtu aliyetua mzigo wa maji.

Wiki iliyofuata waliitwa kwenye kikao. Mjomba Abuu alikuja kutoka Newala kwa lori la korosho, amevaa kanzu na koti. Aliomba kuwaeleza wakubwa haya ya ukwe ni nini. Walimsikiliza kwa adabu, mmoja akaandika kitu, kisha wakamwomba asubiri nje.

Kabla Nikolao hajaingia, Mkuu alimwita pembeni. Regina alikuwa amemshika mkono, kwa hiyo naye akasikia.

"Nataka kukusaidia," Mkuu alisema kwa sauti yake laini. "Kikao kinaona kulikuwa na udanganyifu. Sema tu kwamba mwalimu ndiye aliyekuwa anakutajia majibu, wewe hukumwomba. Kosa litakuwa lake. Wewe utarudia mwakani, utapata cheti, utaoa. Yeye amebakiza muda mfupi kustaafu."

"Mwalimu, wewe ndiye uliyempanga."

"Sikujua kama ni mkweo."

"Hukuuliza."

Mkuu alimgusa bega. "Fikiri."

Mwalimu Veridiana alikuwa amekaa upande wa pili wa uwanja, mgongo kwao. Alikuwa ameshaelezwa shauri hilo la Mkuu, kwa sababu alimwita Regina kwa mkono.

"Kamwambie mkwe aseme ndiyo," alisema bila kumtazama. "Mimi nimeshafundisha vya kutosha. Yeye hajaanza."

Regina alivuka uwanja akalipeleka neno. Nikolao alisimama kidogo akipapasa kipini cha fimbo yake.

"Kamwambie Mama nimesikia."

Ndani ya kikao aliulizwa mara mbili, na mara zote mbili alijibu vilevile: Mwalimu Veridiana hakumtajia jibu hata moja, majibu yote ni yake, na wakitaka wampe maswali mapya hapohapo, na msomaji wamtakaye, atayajibu mbele yao. Hawakutaka. Mkuu aliinama mbele.

"Nikolao, unaelewa unachokifanya?"

"Naelewa, Mwalimu. Msomaji ulinipa bila kuniuliza. Na maneno ya kusema unanipa bila kuniuliza. Yule nilimpokea. Haya siyapokei."

Matokeo yake yakafutwa. Mwalimu Veridiana akahamishiwa shule ya mbali, mpakani kabisa, na akastaafu akiwa na cheo kilekile alichoondoka nacho. Kusema kweli kwa Nikolao hakukumsaidia mama huyo chochote. Kulimzuia tu yeye asiwe mtu wa kumuuza mkwe wake.

Alirudi uwandani. Kila mwaka, wakati wa kujiandikisha ulipofika, Regina alipanda gari kwenda Masasi kuuliza kama ndugu yake anaweza kurudia. Mwaka mmoja aliambiwa alete msomaji wake mwenyewe, asiwe ndugu wala mtu wa wilaya hii. Mwaka mwingine aliambiwa suala liko juu. Mwaka mwingine walisema sera imebadilika, mwingine kwamba bado haijabadilika. Hakuna aliyewahi kumwambia hapana. Nikolao angeambiwa hapana angekaa chini akalia, akaamka. Walimwambia asubiri, na kusubiri ndiko kulikomla Nikolao.

Agatha hakumwacha. Walifunga ndoa bila cheti, na alipozaliwa mtoto wa kwanza Mjomba Abuu alibeba kuku na doti ya kanga mpaka kule mpakani. Nikolao na Mwalimu Veridiana walikaa mkeka mmoja wakala sahani moja, mama akimmegea mkwewe nyama na kumwekea mkononi. Watu walipiga vigelegele. Regina alikuwa amesimama mlangoni akitazama mifupa ya kuku inavyobaki kwenye sahani. Hicho tu ndicho kilichokuwa kinatakiwa. Kama mtu angeuliza mapema, kuku yule angechinjwa Masasi kabla ya mtihani, na wale wawili wangekaa uso kwa uso. Alitoka nje ili vigelegele visimkute usoni.

Nikolao aliishi akiokota korosho kwa nyayo, peku, akizikanyaga kwenye majani makavu na kuinama. Alifundisha katekisimu. Watoto walioshindwa shuleni waliletwa kwake barazani, akawafundisha hesabu, na walipofaulu mtu mwingine alipata sifa. Watu walipenda kusema amejaliwa subira. Haikuwa subira. Regina alimjua, alikuwa akikaa jioni na msumari wake wa kuandikia mkononi bila karatasi, akitoboatoboa hewa.

Alifariki wakati wa masika. Homa ilimshika, barabara ya kuteremka ilikuwa tope, gari likakwama, na walipofika hospitali daktari alimfunika uso. Walimzika kwao, ukingoni. Padre alihubiri kwamba Mungu hutoa na hutwaa, na Regina aliitikia Amina pamoja na wengine, kwa sababu analiamini hilo. Ila anaamini pia kwamba si kila kilichotwaliwa kilitwaliwa na Mungu.

Amesamehe, au amejitahidi. Msimamizi amemsamehe, alitumwa. Kikao amekisamehe, ni watu wengi, kila mmoja alimtegea mwenzake. Kila Jumapili, wakati wa maombi ya waumini, huwaombea marehemu wake wote, humwombea Agatha na watoto, humwombea Mwalimu Veridiana ambaye sasa miguu haimbebi. Kisha hufika kwenye jina la Mkuu wa Chuo. Padre amemwambia amwombee, na yeye ni mtu wa kumtii padre. Hulitaja jina lile, lote, la ubatizo na la ukoo. Halafu hunyamaza, amwachie Mungu aseme linalofuata.